Lori Lililokuja Kimya

Vita vilipopamba moto huko kwa wenyewe, Ulaya, na petroli ikaanza kugawiwa kwa vipimo, Byabato alikuwa dereva wa lori la Aristides, mnunuzi wa kahawa wa Kanoni. Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, la tani tatu, likipumua kama mzee mwenye pumu, na kazi yake ilikuwa kushusha kahawa Bukoba na kurudi na chumvi, nguo na mafuta ya taa. Byabato alikuwa mtu wa Kituntu, mtoto wa wakulima wa migomba, Mkatoliki asiyekosa misa, mwembamba wa mwili lakini mwenye viganja vipana kama majembe.

Siku moja Aristides alimwita uani, akaligonga pipa la petroli kwa fimbo. Pipa likatoa mlio wa utupu.

"Umesikia?" akasema. "Kilichomo kinakufikisha Bukoba. Cha kukurudisha hakimo."

"Nitarudi, mzee."

"Kwa kusukuma?"

"Niachie mimi."

Na kweli alirudi. Kabla hajawa dereva, Byabato alikuwa amebeba ndizi kwa baiskeli miaka mingi, na mtu aliyebeba ndizi kwa baiskeli katika vilima vya Karagwe anajua kwamba mteremko ni mali. Ukiushuka umeshika breki, umeitupa mali hiyo porini. Ukiuacha ukubebe, unakupandisha nusu ya kilima kinachofuata hujatoa hata jasho. Basi akaliendesha lori kama baiskeli. Akifika kileleni anazima injini, anaweka gia huru, analiacha liserereke. Likianza kuchoka kwenye mwinuko wa pili, anatia gia na kuachia klachi taratibu, na injini inaamka yenyewe.

Aristides alichovya kijiti kwenye tangi, akakitazama, akakifuta, akakichovya tena. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Madereva wengine walikuwa wamelala Bukoba wakingoja petroli, na kahawa yao inapata ukungu maghalani. Lori lake yeye lilikuwa limeshuka na limepanda.

Kuanzia hapo Byabato hakulala vizuri kwa kulifikiria lori lile. Aling'oa milango, kwa sababu mlango ni chuma na chuma ni uzito. Aling'oa mabati ya juu ya magurudumu. Mbao nene za ubavuni akazibadilisha kwa mafunjo yaliyosukwa, kazi ya mikono ya wanawake wa Kituntu. Kwenye kabureta alipitisha uzi mwembamba wa shaba katika tundu la petroli, injini ikawa inanyonya kwa kubania kama mgonjwa anayenyweshwa uji. Matairi aliyajaza upepo hadi yakalia ukiyagonga. Juu ya kichwa cha gari alifunga matete akayafunika turubai, yakachongoka mbele kama mdomo wa ndege, upepo upite pembeni. Breki alizilegeza zisiguse magurudumu hata kidogo, mpaka mguu uzame ndipo zishike, na zilishika kwa uvivu. Taa aliziondoa, kwa kuwa hasafiri usiku. Mwisho aliondoa na honi. Alisema inakula betri.

"Utaling'oa lote," mkewe alimwambia, "utabaki umekaa juu ya usukani barabarani."

"Nikifika Bukoba juu ya usukani mtupu, Kyarisiima, nitakununulia kitenge."

Kyarisiima alikuwa binti wa Tumwine, mfugaji wa upande wa mbuga, mwenye ng'ombe wa pembe ndefu. Watu wa Tumwine walisali kama watu wa Kituntu, lakini hawakuoana nao kirahisi. Byabato alipopeleka posa, mzee alisema waziwazi kuwa binti yake amekua kwa maziwa na hatakwenda kulala katika harufu ya maganda ya ndizi. Aliyemgeuza moyo alikuwa mwanawe, Gozbert, kaka wa Kyarisiima. "Tata," alimwambia baba yake, "huyu hashiki jembe. Huyu anashika gari. Hata mfalme akitaka kwenda mbali atamwomba huyu." Gozbert alikuwa mchungaji hodari, mrefu, mwenye miguu ya kutembea kutwa, na alimpenda Byabato toka siku ya kwanza. Alimwita muramu, yaani shemeji, kwa sauti ambayo wengine huitumia kumwita ndugu wa tumbo moja.

Kilichoanza kama shida kikageuka kuwa ngoma. Barabara ya kutoka kilele cha Ihembe ilishuka kwa kona hadi kwenye daraja la magogo, halafu ikapanda polepole mpaka uwanja wa soko, na juu zaidi mpaka kanisa dogo la kigango. Siku ya soko, Byabato alikuwa akizima injini kule juu na kulileta lori mpaka sokoni bila hata mlio. Kwanza waliona watu wachache waliokuwa wakinunua chumvi. Wiki iliyofuata walikuja kwa makusudi. Halafu wakaanza kupanga mistari kandokando ya mwinuko, wanawake wamebeba watoto mgongoni, wanaume wameshika mirija ya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, wote macho kileleni. Lori lilitokea kama mwewe anayeelea: kubwa, limechongoka mdomo, kimya. Ulichosikia ni kokoto zikisagika na turubai ikipiga upepo. Lilivuka daraja, likapanda, likapunguza mwendo, likasimama lenyewe, bila breki, kama ng'ombe aliyechoka. Hapo ndipo vigelegele vilipopasuka. Mtu mmoja alichomeka kigingi pale gurudumu la mbele liliposimama, na tangu siku hiyo kila wiki watu walikuja kuona kama kigingi kitasogezwa.

Na kilisogezwa. Byabato alijifunza kwamba lori tupu ni jepesi kupanda, lakini mteremko unapenda mzigo. Akawa anapitia pale akiwa amejaza kahawa. Siku moja aliweka kibuyu cha rubisi juu ya boneti, kikafika hakijamwaga. Siku nyingine alimimina petroli ya chupa moja tu kwenye tangi mbele ya watu, kabla ya kupanda, ili waone kwa macho yao ni nini kilicholileta. Watoto walimwimba. Watu wazima walimpisha kwenye mabenchi ya pombe. Nyumbani kwake kahawa ya kutafuna ya kukaribisha wageni haikukaa siku mbili.

Shida ilikuwa kwenye kona ya chini, hatua chache kabla ya daraja. Hapo ndipo ng'ombe wa Tumwine walipovuka barabara kwenda kunywa maji. Lori lenye ngurumo hutangaza safari yake toka mbali, na mchungaji huwazuia wanyama. Lori la Byabato halikutangaza kitu. Mara mbili Gozbert alijikuta nalo mbele ya uso wake, akawaswaga ng'ombe kwa kelele, wakapona. Alicheka akamsimulia baba yake jinsi lilivyompita kama kivuli cha wingu.

Mzee Tumwine hakucheka. Alikuja Kituntu kwa miguu, akakaa, akapewa kahawa ya kutafuna, akaitafuna polepole hadi mwisho. Kisha akatoa kengele ndogo ya chuma kwenye shuka yake, ya aina inayofungwa mbwa wa kuwinda.

"Mkwe wangu," akasema, "mnyama anayekuja bila sauti, sisi kwetu tunamjua kuwa chui. Wewe si chui. Funga hii."

Byabato aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu kupokea kitu cha baba mkwe. Akaifunga mbele ya lori, chini ya rejeta. Ikafanya kazi yake. Toka kona ya juu ilianza kulia, nga-nga-nga, na Gozbert akiisikia anawazuia ng'ombe, anainua fimbo yake juu, na Byabato akipita anampungia mkono. Mambo yakaenda hivyo majuma kadhaa bila hata mbuzi kuguswa.

Lakini wapo watu ambao hawawezi kuona kitu kizuri wasikitie kidole. Siku moja sokoni mlevi mmoja alisikia kengele ile ikija, akapiga kelele, "Jamani, mbwa wa Aristides anarudi kuwinda! Mpeni mfupa!" Soko lote likaangua kicheko. Wiki ya pili wakaitikia kwa kubweka. Ilikuwa utani, na waliobweka ndio hao hao waliopiga vigelegele. Byabato alicheka pamoja nao. Ila kicheko kile alikwenda nacho nyumbani, akala nacho chakula cha jioni, akalala nacho. Sifa zilikuwa zimekwisha kumwingia kama pombe, na mwenye kulewa hapendi kumwagiwa maji.

Ikakaribia sikukuu ya somo wa kigango, mtakatifu wake. Padri angekuja, watu wangetoka Kituntu, Kanoni na hata mbali zaidi. Wazee wa kigango walimwambia Byabato kwa mzaha, naye akalipokea kwa dhati, kwamba siku hiyo alilete lori mpaka mlangoni pa kanisa. Kigingi cha mbali kabisa kilikuwa bado chini ya hapo. Alifanya kazi juma zima. Alipaka ekseli grisi nyepesi, akakaza matete, akalegeza breki zaidi ya ilivyokuwa. Aristides alipita akamtazama.

"Byabato, breki hizo zinashika kweli?"

"Zinashika, mzee."

"Haya. Mimi nimewaalika wageni. Usiniaibishe."

Siku yenyewe asubuhi walikuwa kileleni pa Ihembe, yeye na utingo wake Cassian, mtu mzima wa makamo aliyepakia magunia toka kabla ya vita. Jua lilikuwa limeshapasua ukungu. Toka pale juu walisikia ngoma za kanisani, na waliona rangi za nguo kwenye mwinuko, watu wengi kuliko walivyopata kuonekana. Byabato alimimina chupa yake ya petroli mbele ya mashahidi waliopanda naye, wao wakatangulia kushuka kwa njia ya mkato. Kisha akazunguka mbele ya lori. Cassian alimwona akiinama, akaokota jani kavu la mgomba lililodondoka kwenye magunia, akalikunja, akalisokomeza ndani ya kengele hadi ulimi wake haukuweza kucheza.

"Unafanya nini?" Cassian aliuliza.

"Leo hakuna mbwa."

"Na ng'ombe wa mkweo?"

"Leo sikukuu. Kila mtu yuko kanisani. Gozbert naye yuko kanisani."

"Ng'ombe hawana sikukuu, Byabato."

Byabato alijua hivyo. Kwa miaka yote iliyofuata hakuweza kujidanganya kwamba hakujua. Ng'ombe hunywa maji Krismasi, hunywa Pasaka, na mtoto wa Tumwine hakuwa mtu wa kumwachia mwingine ng'ombe wa baba yake. Lakini ngoma zililia kule chini, na watu walimngoja.

"Kama unaogopa, shuka," alisema.

Cassian hakushuka. Alipanda juu ya magunia, akashika kamba kwa mikono miwili.

Lilikuwa serereko zuri kuliko yote. Hilo nalo lilimtesa baadaye, kwamba lilikuwa zuri. Lori lilichukua mwendo taratibu, halafu likaacha kuwa taratibu. Kona ya kwanza lililala nayo, kona ya pili lililala nayo, hakugusa breki hata mara moja, upepo ukimpiga ubavuni pale palipokuwa na mlango. Alihisi magunia yote yakimsukuma kwa nyuma kama mikono ya watu. Alijua, kwa mwili wake, kwamba atafika kanisani.

Alipotoka kona ya chini, barabara ilikuwa imejaa pembe.

Ng'ombe wengi walikuwa wamekwisha kuvuka. Waliobaki walikuwa katikati, na nyuma yao Gozbert, amevaa kanzu nyeupe ya sikukuu, kwani alitaka kuwanywesha upesi ili awahi misa. Alikuwa amegeuza uso upande wa juu, ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetega sikio. Byabato alikanyaga breki. Mguu ulizama, ukazama, ukafika chini. Alipiga kelele. Gozbert angeweza kuruka pembeni. Kila aliyesimama darajani alisema hivyo. Lakini mbele yake alisimama Bihogo, jike jekundu lenye mimba, lililoganda kwa woga, na mkono wa mchungaji hujua kazi yake kabla ya kichwa. Alimsukuma. Haikutosha kumwokoa. Lori lilimpiga ng'ombe, ng'ombe akamwangukia Gozbert, na gurudumu la mbele likapanda juu ya mguu wake na kusimama hapo.

Kule juu kanisani ngoma bado zililia, maana walioko mbali hawakujua.

Walimtoa kwa kuinua lori kwa mabega. Uso wake ulikuwa wa majivu. Byabato alipiga magoti kwenye damu, hakujua ya ng'ombe ni ipi na ya mtu ni ipi.

"Nilikuwa nasikiliza, muramu," Gozbert alisema. Alisema kama anayeomba radhi. "Nilikuwa nasikiliza kengele."

Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, na hapa barabarani palikuwa na gari. Watu wote walimgeukia dereva. "Washa! Mpakie!" Naye ilimbidi aseme mbele yao kwamba ndani ya tangi hamna petroli ya kufika kokote. Ilikuwamo ile ya chupa moja, ya kuonyeshea watu. Petroli aliyoibania miezi yote ile ilikuwa Kanoni, ndani ya pipa la Aristides, imejaa hadi shingoni.

Wanaume walikata miti, wakafunga machela kwa kamba za migomba, wakamwinua Gozbert mabegani na kuondoka naye mbio, wakipokezana. Byabato alitafuta mahali pa kushika, lakini kila mti ulikuwa umeshajaa mabega. Alibaki amesimama na Cassian kando ya lori. Hapo ndipo alipofika mzee Tumwine, akitweta, baada ya kupishana na mwanawe njiani. Alimtazama Bihogo aliyelala amekufa. Alitembea hadi mbele ya lori, akainama kwa shida, akatia kidole ndani ya kengele. Akalitoa lile jani kavu. Alilishika kiganjani kitambo, akalikunjua, kama mtu anayetazama kama lina kitu ndani. Kisha akaliacha lianguke, akafuata machela. Byabato angefurahi kama angempiga.

Daktari aliukata mguu juu ya goti. Alisema umekaa mno bila damu.

Kesi ilikwenda barazani. Gozbert alibebwa mpaka pale juu ya kiti, mwembamba kama mwanzi. Wazee wa baraza waliuliza sana juu ya breki, na juu ya honi, na Byabato alijibu ukweli. Kisha wakauliza juu ya kengele. Je, ilikuwapo? Ilikuwapo. Ililia? Byabato alifumbua mdomo, na kabla sauti haijatoka, Gozbert alinena.

"Ililia," alisema. "Niliisikia. Ni mimi niliyechelewa kuwatoa ng'ombe. Ilikuwa sikukuu, akili yangu ilikuwa kanisani."

Mzee Tumwine, aliyekaa nyuma ya mwanawe, alitazama chini. Cassian alitazama mlangoni. Na Byabato akafumba mdomo wake. Aliuacha uongo ule ukae barazani kama mgeni aliyekaribishwa, ukaandikwa, ukawa ndio kilichotokea. Hakufungwa. Alipewa adhabu ndogo na onyo juu ya breki.

Nje alimkimbilia Gozbert. "Kwa nini umesema vile?"

"Dada yangu anakula kwako," Gozbert alijibu. "Ukifungwa, nani atamlisha? Mimi?" Akageuza uso. "Niacheni nirudi nyumbani. Nimechoka."

Kyarisiima hakukaa kula kwa mumewe. Alifunga nguo zake akaenda mbugani kumuuguza kaka yake, na majuma yakapita hajarudi. Aristides aliajiri dereva mwingine, akarudisha milango, taa na honi, akaondoa mdomo wa matete. Wazazi wa Kokuhirwa, msichana ambaye Gozbert alikuwa amemposa, walirudisha posa kwa maneno ya upole mno, na upole ule ulimuuma Gozbert zaidi kuliko tusi. Sokoni Ihembe vigingi viling'olewa na mtu asiyejulikana. Waliobweka na waliopiga vigelegele wote walikubaliana kwamba wao toka mwanzo waliliona jambo lile kuwa la kijinga.

Byabato aliuza kahawa yake ya msimu, akanunua jike jekundu, akampeleka kwa baba mkwe. Tumwine alimtazama ng'ombe meno na kwato.

"Ni mzuri," alisema. "Nampokea kwa ajili ya Bihogo. Ng'ombe hulipwa kwa ng'ombe."

"Na mguu, baba?"

"Wewe niambie. Mimi sijui unalipwa kwa nini."

Byabato alikuwa ameliwaza jambo hilo usiku na mchana. "Sina miguu ya Gozbert," alisema, "lakini ninayo hii. Nipe fimbo nichunge."

Mzee aliitazama miguu ile kama alivyozitazama kwato za ng'ombe. Mtu wa migomba kuchunga ng'ombe wa Tumwine! Kisha akaingia ndani, akatoka na fimbo, akampa. Si ile ya Gozbert. Nyingine.

Alikuwa mchungaji mbaya. Ng'ombe hawakuijua sauti yake, walitawanyika, waliingia kwenye vibanja vya watu wakala migomba, naye akapelekwa kuomba radhi kila mahali. Alichelewa kuona kupe, alishindwa kutambua jike linalotaka dume. Gozbert alikaa kwenye kichuguu kilichotazama mbuga, gongo lake la kutembelea kando, akimwona akihangaika. Miezi ya kwanza hakusema naye. Halafu siku moja, kwa kushindwa kuvumilia, alipaza sauti: "Usimkimbize! Mzunguke! Mwite kwa jina!" Byabato alimzunguka yule ng'ombe, akamwita kwa jina, akaja. Tangu hapo Gozbert alimfundisha, kwa kelele toka kichuguuni, kwa hasira mara nyingi, mara chache kwa kicheko. Habari za kengele hawakuzitaja.

Jioni moja Byabato alimkuta Kyarisiima peke yake akisafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi.

"Utarudi kwako lini?" alimuuliza.

Kyarisiima hakuinua macho. "Ungekuwa umemuua," alisema, "ningekuchukia mara moja, ningelia, ningemaliza. Sasa kila asubuhi namwona akitafuta gongo lake, halafu nakuona wewe ukichukua fimbo. Nikuchukie vipi? Nikupende vipi? Sijajua. Niache nisafishe."

Alirudi kwake baadaye, au niseme Byabato alijenga karibu na mbuga naye akahamia humo. Walipata mtoto. Lakini lile neno la kitenge, na utani wa usukani, na ile kucheka kwao ya zamani, havikuhamia nao.

Vita vikaisha. Petroli ikaja kwa mapipa, na malori mapya yakaanza kunguruma barabarani kutwa, madereva wake wakiyakanyaga kwa nguvu kupanda na kushuka, bila kujali. Hakuna aliyezima injini Ihembe. Aristides alikuja mwenyewe hadi mbugani kumtaka Byabato arudi kazini. Alisema madereva wa siku hizi wanakunywa petroli kama maji. Byabato alimshukuru, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi kwa ng'ombe.

Aliyeondoka alikuwa Gozbert. Wamisionari wa Bukoba walikuwa wakifundisha ushonaji wa viatu, na mtu wa kukaa kutwa hahitaji miguu miwili. Alimwambia baba yake kuwa hawezi kuzeeka juu ya kichuguu. Asubuhi ya safari Byabato alimbebea sanduku hadi barabarani, wakangoja lori pamoja. Moyoni alikuwa na maneno aliyoyatengeneza kwa miaka: niliiziba mimi kengele kwa jani, nikakuacha useme uongo kwa ajili yangu, nikanyamaza. Lori lilisikika toka mbali, likinguruma. Likasimama.

"Gozbert," alianza.

"Yule mweupe atazaa juma hili," Gozbert alisema upesi, akimkata. "Mara ya kwanza ndama alikuja vibaya. Usilale mbali naye. Na baba usimwache atembee peke yake mtoni."

"Nimesikia. Lakini Gozbert, siku ile juu ya—"

"Muramu." Gozbert alimshika bega, kwa uzito, maana alikuwa akijiegemeza. "Najua. Toka siku ile najua. Usinibebeshe na hilo, nina sanduku la kutosha."

Akapandishwa, akakaa karibu na dereva, gongo katikati ya magoti. Aliinua mkono mara moja. Lori likaondoka kwa kelele na moshi, na Byabato akabaki na vumbi mdomoni, akijua kuwa alisamehewa, na kwamba msamaha wenyewe haukumpunguzia kitu.

Nyuma yake mwanamke alianza kupiga yowe. Ndama wawili walikuwa wameingia kibanjani kwake wanatafuna migomba michanga. Byabato akashika fimbo, akaenda kuwatoa na kuomba radhi.